Dizeli Yetu Iliyoishia Barabarani

Kwetu Nkololo ukikodi trekta, mafuta ni juu yako. Mwenye trekta anatoa chuma na dereva, wewe unanunua dizeli na kuitia kwenye tenki palepale kituoni Bariadi. Kisha mtu wa nyumbani kwenu anapanda juu ya madigadi ya gurudumu la nyuma na kusindikiza mafuta yake hadi shambani, dereva asije akachepuka njiani na kumlimia shangazi yake.

Mwaka huu mtu wa nyumbani nilikuwa mimi. Baba alishafariki, na mama miguu inamsumbua. Ng'ombe wetu wa kulimia walikufa kwa ugonjwa wa ndigana masika iliyopita. Mama akauza mbuzi ili apate dizeli. Aliwauza huku anawataja kwa majina, kila mmoja na mama yake, na mimi nikawa nawashika kamba tu. Shamba letu liko kwenye mbuga, ule udongo mweusi ambao ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na ukinyeshewa sana haumruhusu hata bata kupita. Lina siku chache tu za kulimika. Mvua ya kwanza ilishalilainisha. Ya pili ikija kabla hatujalima, basi tena, mwaka mzima tungeshinda kwenye vibarua vya watu.

Ndiyo maana asubuhi ile mama aliniambia, "Scola, usiondoe macho kwenye yale mafuta. Yale ndiyo shamba."

Dereva aliitwa Mayige. Kijana mrefu, kofia kaigeuza nyuma, na juu ya paa la trekta kafunga spika kubwa kama za kwenye harusi. Tajiri yake ni Mama Wilhelmina, mwenye duka la pembejeo pale mjini. Tulipotia dizeli nilimwangalia mhudumu wa kituo mpaka tone la mwisho. Mshale wa mafuta ukapanda hadi juu kabisa.

"Hiyo inamaliza shamba lenu lote na inabaki ya kunirudisha," Mayige akasema. "Mwambie mama achinje kuku."

Tukaondoka vizuri. Barabara ilikuwa tupu, trekta linaguruma kwa mwendo mmoja, na mimi nimeshika chuma kwa mikono miwili. Nilipotupia jicho mshale, haujacheza. Nikaanza hata kufurahi.

Furaha ikaishia mnadani.

Mnada wa ng'ombe uko kando ya barabara, na msimu wa kulima kila mtu anauza ng'ombe ili anunue mbegu. Mafuso, yale malori ya wanunuzi, yalikuwa yamesimama barabarani yenyewe, mengine yamekata njia kwa ubavu yakirudi kinyumenyume kwenda pa kupandishia mifugo. Basi la Mwanza lilikuwa linapiga honi. Pikipiki zilipenya, zikakwama, zikageuza. Mikokoteni ya mahindi, watu, ng'ombe waliogoma kupanda gari. Nyuma yetu magari yakajipanga haraka, na tukawa hatuwezi kwenda wala kurudi.

Mayige hakuzima. Alifungulia muziki.

Mwanzoni nilidhani ni kitu cha muda mfupi. Mbele fuso likisogea hatua mbili, Mayige anakanyaga mafuta trekta linanguruma na kutoa moshi mweusi kama linapanda mlima, kisha anakanyaga breki, tunasimama. Likisogea tena, analingurumisha tena. Hatukuwa tumefika popote, na sasa mshale ulikuwa umeanza kushuka. Njia yote kutoka mjini haukucheza, na hapa tuliposimama ndipo unashuka.

"Kaka Mayige," nikasema, "zima."

Akaweka mkono sikioni. "Unasemaje?"

"Nasema zima. Mafuta yanaisha."

"Paza sauti dada, hapa hatusali!"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Sauti yangu ni ndogo, najua. Nikasema kwa mara nyingine, kwa nguvu zaidi, na uso ukaniwaka moto.

"Betri haina nguvu," akajibu. "Nikizima tunalala hapahapa. Utalisukuma wewe?"

Kando yetu kulikuwa na fuso tupu. Dereva wake, mtu mzima mwenye mvi kidogo, alikuwa kazima injini zamani na kukaa kwenye kivuli cha gari lake akila miwa. Baadaye nilisikia wenzake wakimwita Elia. Akamtazama Mayige, akatema ganda.

"Kijana, unachoma mafuta ya nani?"

"Ya mteja," Mayige akasema.

"Nilijua. Yangekuwa yako ungeshazima tangu juzi."

"Mzee, gari likisimama linakula nini? Halitembei!"

"Na wewe ukikaa chini huli?"

Wakacheka tena, wote wawili, kama wanatania juu ya kitu kisicho cha mtu. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale juu ya madigadi, katikati yao, na ile dizeli ilikuwa mbuzi wa mama. Sikucheka.

Vijana wa mnadani wakaja na simu zao. Mayige akazipokea na kuzichomeka kwenye waya zilizoning'inia pembeni ya usukani. Walimletea soda kwa ajili hiyo. Akanywa akiwa kafumba macho, kichwa kinafuata muziki. Spika ya harusi, simu za watu, na trekta zima linatetemeka bila kulima hata tuta moja. Kisha harufu ya nyama ya kuchoma ikatufikia, naye akaruka chini.

"Nakuja," akasema. "Usiguse kitu."

"Utaliacha linawaka?"

"Nimekwambia betri."

Akaondoka. Akaliacha linawaka, halina dereva, na mimi juu yake kama kuku kwenye tenga.

Nilingoja apotee kwenye watu. Nikashuka kwenye kiti chake, nikashika funguo, nikazungusha. Muziki ukakatika, injini ikaendelea. Nikachomoa ufunguo kabisa, ikaendelea. Nilitaka kulia. Nilikuwa na ufunguo mkononi na lile dude bado linakunywa mafuta yetu mbele ya macho yangu, kama mlevi uliyemnyang'anya pochi akaendelea kuagiza.

Nikamgeukia yule mzee wa miwa. Mimi simwongeleshi mwanaume nisiyemjua. Siku hiyo niliongea.

"Baba, shikamoo. Linazimwaje hili?"

"Marahaba, mayu," akajibu, akiniita mama kwa lugha ya kwetu. Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali. "Ufunguo hauzimi haya. Kuna kidude cha kuvuta. Sogea."

Akanyoosha mkono chini ya usukani, akavuta. Trekta likakohoa, likanyamaza. Nikasikia ng'ombe, nikasikia honi, nikasikia hata maneno ya watu walio mbali. Elia akachungulia mshale, akaguna.

"Shamba lenu kubwa?"

"La kututosha."

"Mh," akasema, akarudi kwenye kivuli chake.

Mayige alirudi anachokonoa meno. Alipoona kimya alikimbia.

"Nani kazima?"

"Mimi."

"Wewe! Si nimekwambia betri? Sasa shuka usukume! Shuka! Mtoto wa kike unagusa trekta la watu, baba yako alikuwa nalo?"

Sikushuka. Elia akasema bila kuinuka, "Jaribu kwanza kuwasha, bwana."

Mayige akaninyang'anya ufunguo, akazungusha. Liliwaka mara moja. Halikusita hata kidogo, liliruka kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

Elia alitafuna muwa wake. Mayige alirekebisha kofia, na akaongeza sauti ya muziki.

Tangu pale sikumwita kaka.

Njia ilifunguka jua likiwa limeshaanza kuinama. Tulipofika nyumbani mama alikuwa amesimama mpakani mwa shamba na kitenge kichwani, anachunga mawingu. Yalikuwa yamejaa upande wa hifadhi ya wanyama, ya bluu iliyoiva.

"Mwadila, mwanangu," akamsalimia Mayige. "Pole na safari. Wabeja, asante kwa kuja."

Mayige akaitika kwa adabu, kwa sauti ya mtu mwema, akashusha jembe. Niseme ukweli, kulima alijua. Diski za jembe zilizama, udongo ukapinduka mzito unang'aa kama nyama ya maini, na nyange wakashuka nyuma yake kuokota wadudu. Mama alitembea juu ya matuta huku anasema peke yake. Mimi nilikuwa namwangalia Mayige tu.

Hakufika nusu. Trekta lilipunguza sauti, likapandisha, likapunguza, likazima katikati ya shamba, diski zikiwa ndani ya ardhi.

"Mafuta yamekwisha," akasema. "Ongezeni."

Mama hakuelewa. "Baba, yale tuliyotia si ulituambia yanamaliza lote?"

"Foleni, mama. Mnadani pale tumekwama mno. Foleni inakunywa mafuta kuliko kulima. Siyo kosa langu, ni kosa la barabara."

"Foleni ilikunywa," nikasema, "na wewe ndiye uliyeishikia kikombe."

"Scola!" mama akasema.

"Mama, aliliacha linawaka akaenda kula nyama. Alichaji simu za watu. Alisema betri mbovu, na siyo mbovu."

Mama alimtazama Mayige. Mayige alitazama mawingu.

"Mama yangu," akasema polepole, "tusigombane. Mwenye shamba anayefuata ni Mzee Luhende, yule wa ng'ambo ya kijito. Yeye dizeli yake ameshainunua, iko nyumbani kwake kwenye dumu. Nampigia sasa hivi aje nayo. Nitamwambia ni ya kunitoa hapa tu. Nikiitia, namaliza kwanza kwenu, halafu naenda kwake. Ikimwishia, nitasema foleni. Yule mzee atajuaje?"

Aliyasema kwa upole kama anatupa zawadi.

Hapo ndipo nilipokasirika kuliko mnadani. Kwa sababu nilimwona mama anafikiri. Alilitazama shamba lililobaki, lile gumu lenye mabua ya mwaka jana, akatazama wingu, na midomo yake ikabana. Mama yangu hajawahi kuchukua hata yai la mtu. Huyu mtu na muziki wake alikuwa amemfikisha pale.

"Mama," nikasema.

"Nyamaza, Scola. Tutakula nini mwakani?"

Mzee Luhende alikuja anasukuma baiskeli, dumu la njano limefungwa nyuma kwa mpira. Ni mtu mfupi, mcheshi, anasalimia hadi vifaranga. "Mwadila! Mwadila mayu! Kumbe mnalimiwa na lori la muziki! Mimi nimesikia tangu kijijini nikadhani kuna arusi, nikasema nije na tumbo!"

Mayige akacheka sana. Akaanza kufungua ule mpira wa baiskeli. "Lete, mzee, tusicheleweshane."

"Mzee Luhende," nikasema, "usimpe."

Sikupaza sauti, lakini muziki ulikuwa umezimika pamoja na trekta, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Kwa nini nisimpe, mjukuu wangu?"

"Anataka kumalizia kwetu kwa mafuta yako. Kisha atakuambia foleni ndiyo imekunywa. Kwetu ameyachoma mnadani."

Luhende aliacha kucheka. Alimtazama mama, maana mama ni mtu mzima mwenzake. Nilijua kwamba mama akisema mimi ni mwongo, imekwisha. Mama akavuta kitenge chake mbele ya macho.

"Asemavyo mtoto ndivyo ilivyo," akasema. Kisha akanigeukia na hasira zake zote. "Haya! Umefurahi? Shamba ndilo hilo, lilime kwa mdomo!"

Mzee Luhende alilifungua mwenyewe dumu lake kutoka kwenye baiskeli, akaliweka chini, akalikalia.

"Sasa," akamwambia Mayige, "mpigie tajiri yako."

Mayige alipiga, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Akaeleza kwa maneno yake: wateja wakorofi, wamekataa kuongeza mafuta, na mzee wa shamba linalofuata naye wamemwambia asitoe yake, wamelizuia trekta. Sauti ya Mama Wilhelmina ilitoka kwenye simu kali kama filimbi. Nikanyoosha mkono.

"Nipe."

"Utaongea nini na bosi, wewe?"

"Nipe."

Nadhani alinipa ili nijiaibishe. Nikaiweka simu sikioni kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Naitwa Scola, wa Nkololo, tuliotia mafuta leo asubuhi."

"Marahaba. Binti, makubaliano unayajua. Mafuta ni ya mteja. Trekta langu haliendi kwa maji."

"Ndiyo, mama. Tulitia tenki nzima. Tulikubaliana yalime. Hatukukubaliana yapige muziki mnadani."

"Foleni siyo ya kwangu! Barabara niliijenga mimi?"

"Foleni siyo yako, mama. Dereva ni wako. Alisema betri ni mbovu, akaliacha linawaka tangu asubuhi mpaka mchana, yeye anakula nyama. Nilipozima likawaka mara moja."

"Hayo nitaongea naye mimi. Nyinyi tafuteni mafuta ya kulitoa hapo, ana kazi nyingine."

"Hatuna, mama. Tulikuwa na mbuzi, na wameisha."

"Basi na huyo mzee atoe."

"Mzee amekataa. Amekalia dumu lake."

"Ni kweli nimelikalia!" Mzee Luhende akapiga kelele kutoka pale chini. "Na mimi ni mzito!"

"Mnanifanyia mchezo," Mama Wilhelmina akasema.

"Hapana, mama. Ila mvua inakuja. Wingu liko upande wa hifadhi, na limeshaanza kutoa upepo. Na trekta lako liko kwenye mbuga nyeusi, katikati, diski zimezama."

Yule mama ni mzaliwa wa huku. Anajua mbuga inafanya nini. Kuna trekta lililolala kwenye mbuga ya jirani zetu msimu mzima, magurudumu yamezama hadi katikati, watoto wakawa wanacheza juu yake.

"Unanitishia, wewe mtoto?"

"Hapana. Nakuambia lilipo."

Akakata.

Tulikaa. Mayige alikaa kwenye kiti chake, Luhende kwenye dumu, mama kwenye tuta jipya amenipa mgongo. Upepo ulileta harufu ya mvua ya watu wengine. Mimi nilisimama, kwa sababu nikikaa nilikuwa naogopa nitaanza kulia, na sikutaka yule mtu anione. Kila ngurumo ilipopiga nilihesabu hasara yetu na hasara ya Mama Wilhelmina, na yetu ilikuwa kubwa zaidi, hilo nilijua. Yeye angepoteza chuma. Ila sisi tulikuwa tumeshazoea kupoteza, na yeye hakuwa amezoea.

Pikipiki ilikuja mbio kutoka kwa Mama Wilhelmina, imebeba dumu mbele ya dereva na moja nyuma. Mwenye pikipiki hakuleta salamu wala maneno yoyote. Mayige alishuka kupokea, nikawahi mimi. Nikapanda kwenye tenki nikamimina mwenyewe, dizeli nyingine ikanimwagikia kwenye gauni, na kunuka nilinuka wiki ile yote.

"Washa," nikamwambia. "Muziki hapana."

Akawasha. Hakufungulia muziki.

Alilima mpaka giza lilipoanza kuingia, na matone ya kwanza, yale makubwa yanayoanguka moja moja, yalimkuta anageuza kwenye mzunguko wa mwisho. Kona ya kule kwenye mchongoma ilibaki, ile tutailima kwa jembe la mkono. Wingu lilipasukia ng'ambo, kuelekea Itilima. Kwetu likapita na matone yake.

Mama alimpikia Mayige ugali, akamwekea na mtindi, maana mtu aliyekulimia haondoki na njaa, hata awe nani. "Mpelekee," akaniambia.

"Sipeleki."

Alinitazama, akabeba sahani mwenyewe na miguu yake ile inayomuuma. Hilo nalo liliniuma, lakini sikusogea.

Asubuhi yake, Mayige alipotaka kwenda kwa Mzee Luhende, mzee alikuwa ameshapanda juu ya madigadi, dumu lake amelipakata na kulifunga kwa kamba kiunoni.

"Mimina basi, mzee, tuondoke," Mayige akasema.

"Nitamimina shambani kwangu."

"Na nitafikaje huko?"

"Kwa hayo yaliyobaki ya bosi wako. Yakikwishia njiani utatembea, nami nitakungoja hapahapa juu. Sina haraka."

"Mila ya wapi hii? Mafuta yanatiwa kwanza!"

"Ilikuwa hivyo," Mzee Luhende akasema, akalikumbatia dumu. "Washa."